Mpira wa kwanza wa mtoto: namba 5 isubiri

*Mzazi wa Runazi akipata fedha ya mpira hununua mkubwa ili mwanawe “akue nao”. Kanuni za soka, mizani ya dukani na hata chandimu vyote vinashauri vingine.*

Na Mwandishi Wetu, Biharamulo

Siku ya mnada katika vijiji vya kata ya Runazi, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, mipira huning’inia ndani ya nyavu juu ya mabegi ya shule, kandambili na ndoo za plastiki. Mzazi aliyeuza maharage asubuhi husimama mbele ya meza hiyo mchana, mwanawe wa miaka saba pembeni, macho yote juu. Muuzaji huteremsha miwili. Mmoja mdogo, umeandikwa 3. Wa pili mkubwa, umeandikwa 5.

Bei zake hazipishani sana. Mzazi huupima ule mkubwa mkononi, huudunda chini mara moja, kisha huamua: huu ndio mpira, ule mwingine utapitwa upesi. Fedha inatoka, na mtoto anarudi nyumbani ameukumbatia kwa mikono miwili.

Wiki ya kwanza ni sherehe. Ya pili, kaka zake wa darasa la saba wameuchukua na mwenye mali amesimama pembeni ya uwanja akiwatazama. Siku akiupata, anaupiga kwa ncha ya dole gumba, maana ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuusogeza, kisha anachechemea.

Tukio hilo hujirudia Runazi, Lusahunga, Nyakahura na katika wilaya jirani ya Ngara, kila mavuno yanapotia fedha mfukoni. Mzazi ametenda kwa upendo, na fedha yake ameitolea jasho. Ndiyo maana uamuzi huo unastahili kuzungumzwa kwa uzito: mtoto wa shule ya msingi anunuliwe mpira gani wa kwanza?

Namba ile ina maana gani

Namba iliyochapwa kwenye mpira ni kipimo. Haielezi ubora wala thamani. Namba 5 ni mpira wa watu wazima, ule wa Ligi Kuu na Kombe la Dunia. Sheria ya 2 ya mchezo, inayotungwa na IFAB, chombo kilichoundwa mwaka 1886, inataka mpira huo uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza.

Namba 4 ina mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Namba 3 ina sentimita zinazokaribia 60 na uzito wa gramu 300 hadi 340 hivi. Ipo pia namba 1, kijimpira cha mazoezi na zawadi.

Mgawanyo unaofuatwa na akademi nyingi duniani ni mwepesi kuukumbuka. Mtoto wa chini ya miaka 8 hupewa namba 3. Wa miaka 8 hadi 12 hupewa namba 4. Namba 5 huanza akitimiza miaka 13 hivi.

Huo si ushauri wa wauza mipira peke yao. Sheria za mchezo zenyewe zinaruhusu vyama vya soka vya nchi kubadili ukubwa, uzito na aina ya mpira kwa mechi za watoto na vijana, sawa na zinavyoruhusu kupunguza uwanja, magoli na dakika za kucheza. Waliotunga sheria walijua kwamba mtoto hawezi kubebeshwa mchezo wa baba yake bila kuupunguza kwanza.

Michezo mingine imefuata njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2012 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi halikubali mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Wanatumia mipira ya polepole ya rangi nyekundu, ya chungwa na ya kijani. Netiboli nayo ina namba 5 ya wakubwa na namba 4 ya watoto. Kikapu kina namba 7 ya wanaume, namba 6 ya wanawake na namba 5 ya watoto.

> Namba iliyochapwa kwenye mpira ni kipimo. Haielezi ubora wala thamani.

Hesabu ya mguu mdogo

Tuchukue mtoto wa miaka saba mwenye kilo 22. Mpira wa namba 5 wenye gramu 430 ni karibu asilimia 2 ya uzito wake. Sasa tumchukue baba mwenye kilo 70 na tumpe mzigo wa kiwango hicho hicho. Angekuwa anapiga mpira wa karibu kilo 1.4, zaidi ya mara tatu ya ule anaouona kwenye televisheni.

Hakuna mtu mzima ambaye angecheza dakika 90 na mpira wa namna hiyo. Asingeweza kupiga pasi ndefu, wala kuuinua, na jioni angelala na maumivu ya nyonga na vifundo. Akiendelea hivyo mwezi mzima, angeacha kucheza na kusema kwamba hana kipaji.

Hilo la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa sababu ndilo analolisema mtoto. Hajui kwamba mpira ni mzito. Anachojua ni kwamba yeye hawezi. Mtoto wa kijijini mara nyingi hucheza pekupeku, kwenye uwanja wa changarawe, na kila teke baya linamkumbusha.

Madhara ya pili ni ya ufundi. Mguu mdogo ukikutana na mpira mkubwa hutafuta njia ya mkato. Mtoto hupiga kwa vidole, hurudi nyuma hatua nyingi kutafuta nguvu, huegemea nyuma mwili mzima. Hajifunzi kutuliza mpira kwa upande wa ndani wa mguu, wala kuupiga kwa mgongo wa mguu, kwa kuwa mpira mzito humsukuma yeye. Mazoea hayo humfuata hadi sekondari, na mwalimu wa michezo huanza kazi ya kubomoa kabla ya kujenga.

Hoja ya mzazi: “Atakua nao”

Wanaonunua namba 5 wana hoja, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Ya kwanza ni fedha. Mpira hununuliwa mara moja, labda baada ya mavuno, na haijulikani wa pili utanunuliwa lini. Sare ya shule hununuliwa kubwa ili ivaliwe miaka miwili. Kwa nini mpira uwe tofauti? Ya pili ni familia. Nyumba yenye watoto wa miaka 5, 9 na 13 haiwezi kununua mipira mitatu, na mpira wa namba 3 utadharauliwa na mkubwa wao.

Ya tatu inatoka shuleni. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi mara nyingi ana mpira mmoja kwa mamia ya wanafunzi. Timu yake ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ina watoto wa darasa la sita na la saba, nao ndio wanaobeba jina la shule. Akiambiwa achague mmoja, atachagua unaowafaa hao.

Hoja ya fedha ndiyo nzito kuliko zote, lakini haihimili uwanja wetu. Sare kubwa hukaa sandukuni ikimsubiri mtoto akue, mpira haungoji. Ule unaonunuliwa mnadani leo, ukichezewa kila jioni juu ya changarawe na miiba, hauwezi kuifikia siku ambayo mtoto wa miaka saba atatimiza miaka 13. Utachunika, utatoboka na kutupwa kabla mguu wake haujaufikia. Mzazi aliyedhani amenunua miaka sita amenunua miezi ambayo mwanawe hakuifaidi.

Hoja ya familia ina dawa yake: namba 4. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuucheza namba 4 bila kupoteza chochote, na akatoka na mguu mwepesi zaidi. Wa miaka 9 ni wake kabisa. Wa miaka 5 ataumudu ukiwa umepunguzwa upepo kidogo. Nyumba yenye fedha ya mpira mmoja na watoto wa rika tofauti, huo ndio mpira wake.

> Nyumba yenye fedha ya mpira mmoja na watoto wa rika tofauti inunue namba 4.

Chandimu ilishajua

Upande wa tatu katika mjadala huu hauna haja na duka. Ni wazee, na watu wazima wengi waliokulia vijijini, wanaosema kwamba mtoto aachwe na chandimu, soka ya mpira wa makaratasi, kama walivyoachwa wao.

Wanaoutengeneza ni watoto wenyewe. Kiini huwa kitambaa au karatasi iliyofinyangwa kwa nguvu. Juu yake hupita matambara, au majani makavu ya migomba ambayo kwa upande huu wa Kagera hayakosekani. Soksi kuukuu huvishwa, kisha kamba huzungushwa huku na huku kwa mafundo madogo, kila fundo likikazwa kwa meno. Mifuko ya plastiki ilikuwa malighafi kubwa, lakini tangu ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019 si rahisi kuipata kama zamani, na mafundi wadogo wamerudi kwenye nguo na mgomba.

Ukiushika mpira huo utaona unaenea katika viganja viwili vya mtoto. Ni mwepesi. Haudundi. Mtoto aliyeutengeneza aliupima kwa mguu wake, bila kitabu wala kocha, na akafikia wazo lile lile ambalo vyama vya soka vimeliandika baada ya miaka mingi.

Kutodunda huko kuna faida. Mpira unaobaki chini humlazimisha mchezaji kuukokota karibu na mguu, kupiga chenga katika nafasi finyu na kutoa pasi fupi. Futsal, soka ya ndani iliyoanzishwa na Juan Carlos Ceriani mjini Montevideo mwaka 1930, imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mpira wake una mzingo wa sentimita 62 hadi 64, na ukidondoshwa kutoka mita 2 hautakiwi kudunda kupita sentimita 65. Pelé naye alianza Brazil kwa soksi iliyojazwa makaratasi.

Kwa hiyo wazee wana haki yao. Mtoto wa miaka minne au mitano hana hasara yoyote akianza na mpira wa matambara, na mzazi asiye na fedha asijione amemnyima mwanawe kitu. Lakini mpira huo una mwisho wake. Haumfundishi mtoto kusoma mdundo, kupokea mpira wa juu kwa kifua, wala kupiga krosi. Ukinyeshewa hunywa maji na kuwa jiwe. Na ni vigumu kuupinda hewani.

Kuukunja mpira

Kila mtoto anayetazama soka anataka kuukunja mpira: kuupiga ukazunguka ukuta wa mabeki na kurudi golini. Mfano unaotajwa hadi leo ni mpira wa adhabu wa Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa, mjini Lyon, Juni 3, 1997, kutoka mita 35 hivi.

Siri yake ni mzunguko. Mpira ukipigwa pembeni ya kitovu chake hujizungusha huku ukisonga. Upande mmoja huburuta hewa pamoja nao, upande wa pili hupingana nayo, na tofauti hiyo huusukuma mpira kando. Wanafizikia huita nguvu hiyo kwa jina la Heinrich Gustav Magnus, Mjerumani aliyeieleza katika karne ya 19.

Ili mpira uzunguke, mguu lazima uukwangue kwa kasi upande mmoja. Mguu wa miaka minane hauna kasi ya kuuzungusha mpira wa gramu 430. Unaishia kuusukuma tu. Mpe namba 3 au 4, naye ataona kwa mara ya kwanza mpira ukipinda kwa kazi ya mguu wake mwenyewe. Siku hiyo mtoto hulala akiwa mchezaji.

Wazazi wa Marekani wana mjadala kama huu katika mchezo wa bolingi, ambako mpira huviringishwa kwenye sakafu ya mbao kuangusha vigingi 10, na kila mtoto hutamani ule unaopinda ukikaribia vigingi. Mpira wa bolingi una upana wa sentimita 21.6 kwa wakubwa na wadogo, lakini uzito huanzia kilo 2.7 hivi na hauruhusiwi kupita kilo 7.26. Ushauri uliozoeleka kwao ni kuanzia na asilimia 10 ya uzito wa mtoto, na matundu ya vidole yatobolewe kwa mkono wake. Mtoto akizidiwa na uzito, mkono hushindwa kuzungusha, na mpira wa bei ghali wa kupinda hupita umenyooka. Nchi nyingine, mchezo mwingine, kanuni ile ile: uzito kwanza, madoido baadaye.

Kichwa cha mtoto

Uzito wa mpira una upande wa afya ambao wazazi wengi hawajaambiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Dk. Willie Stewart, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanasoka wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya kudhoofika kwa ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wengine wa umri wao.

Februari 2020, vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo wa kutowafundisha watoto wa shule za msingi kupiga kichwa mazoezini. Marekani ilitangulia: tangu mwishoni mwa mwaka 2015 shirikisho lake la soka lilizuia watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige mpira kwa kichwa.

Kocha wa kijijini anaweza kulifuata hilo bila kutumia senti moja. Mazoezi ya kupanga watoto mstari na kuwarushia mpira wapige kichwa mmoja mmoja yaachwe hadi wafike miaka 12. Mpira wa ngozi ulioloa maji ya mvua, ambao uzito wake umepanda, usipigwe kichwa na mtoto yeyote.

> Mazoezi ya kupiga kichwa yaachwe hadi mtoto afike miaka 12. Kuyaacha hakugharimu senti.

Mwenye mpira, na dada yake

Kila aliyecheza chandimu anamfahamu “mwenye mpira”. Ndiye anayepanga timu. Hawekwi golikipa. Akifungwa mengi au akichezewa rafu, huuchukua mpira wake na mchezo unaishia hapo, hata kama jua bado lipo.

Mzazi anayenunua mpira ananunua pia madaraka hayo, na ni vema akayazungumza na mwanawe usiku ule ule. Mpira una faida ukiwa na watu wa kucheza nao. Mtoto anayejifunza kuuacha uwanjani huku yeye yuko benchi amejifunza jambo ambalo kocha hawezi kumfundisha.

Na mpira huo ni wa nani? Katika nyumba nyingi jibu hutolewa bila kufikiriwa: wa mvulana. Msichana ana mpira wake wa rede, soksi iliyojazwa matambara, inayorushwa na wawili huku wa katikati akikwepa na kujaza mchanga kwenye chupa. Rede hujenga wepesi na jicho kali. Anayeicheza vizuri ana kila kitu kinachotakiwa na golikipa au mchezaji wa netiboli.

Anachokosa ni mpira wenye upepo, na nafasi ya kuushika kabla kaka zake hawajaumaliza. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, imeshiriki fainali za Afrika za wanawake za mwaka 2010, na zile za 2024 zilizochezwa Morocco Julai 2025. Mchezaji wake Clara Luvanga amefika Al Nassr ya Saudi Arabia. Milango iko wazi kwa wasichana kuliko wakati wowote, na namba 4 ni kipimo kinachomfaa binti wa miaka 9 sawasawa na mvulana. Ukinunuliwa mpira mmoja, watajwe wote wawili kuwa wenyewe.

Miiba, upepo na fundi baiskeli

Adui wa kwanza wa mpira vijijini ni ardhi. Changarawe huchuna ngozi ya juu, miiba hutoboa blada. Mpira wa plastiki ngumu ya bei ya chini huanza kubanduka vipande mapema. Ulioshonwa kwa uzi hudumu kuliko uliogandishwa kwa gundi, kwa kuwa fundi viatu anaweza kuufungua mshono, kuziba blada na kuushona tena.

Adui wa pili ni sindano kavu. Fundi baiskeli ndiye anayejaza upepo wa mipira ya kijiji kizima, na sindano ikisukumwa bila kulowanishwa hupasua vali. Tone moja la mafuta ya kula linatosha kuuokoa mpira. Upepo nao usizidi: mpira uliojazwa hadi ukalia kama ngoma humuumiza mtoto mguu na kufumua mshono. Kwa mtoto, kidole gumba kikibonyeza kiingie kidogo.

Wapo waliotafuta dawa ya kudumu. Tim Jahnigen, Mmarekani aliyewaona kwenye televisheni watoto wa Darfur wakicheza na takataka zilizofungwa kamba, alibuni mpira wa povu gumu usiohitaji pampu na usiokufa kwa mwiba. Mwanamuziki Sting alichangia gharama za kuutengeneza, nao ukatoka mwaka 2010 kwa jina la One World Futbol, ukielekezwa zaidi kambini na vijijini. Watu wa Ngara, waliopokea zaidi ya wakimbizi 200,000 wa Rwanda waliovuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa kama siku moja mwishoni mwa Aprili 1994, wanaelewa vema kwa nini mtu aliyetazama kambi ya wakimbizi alifikiria mpira.

Karibu nasi zaidi, Alive & Kicking ilianzishwa Kenya mwaka 2004 na Jim Cogan, ikashona mipira ya ngozi jijini Nairobi kwa ajili ya viwanja vigumu vya Afrika, ikiwa na ujumbe wa Ukimwi na malaria juu yake. Ni ushahidi kwamba mpira unaofaa mazingira yetu unaweza kushonwa na mikono yetu, kwa ngozi ya ng’ombe wetu. Mkoa wenye mifugo kama Kagera haukosi ngozi.

Kabla hujalipa: mambo sita

1. Pima mzingo. Usiiamini namba peke yake. Zungushia mpira kamba, kisha ipime kwa futi ya fundi cherehani. Karibu sentimita 60 ni namba 3. 64 hadi 66 ni namba 4. 68 na zaidi ni wa wakubwa.

2. Uweke kwenye mizani. Duka la nafaka lina mizani. Ukizidi gramu 400, si wa mtoto wa chini ya miaka 13.

3. Usimamishe karibu na mguu wake. Linganisha kimo chake na muundi.

4. Tazama mishono. Uzi uonekane umekaza, pasiwe na gundi inayotoka. Bonyeza pande zote. Pasiwe na sehemu laini.

5. Ujazwe ukiwepo. Uache robo saa, urudi uubonyeze tena. Unaovuja haraka utajulikana hapo hapo.

6. Mwache mtoto aupige. Mateke matano au sita mbele ya meza yatakuonyesha kama anatumia mguu wote au ncha ya vidole.

Kinachotakiwa sasa

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa fainali za Afrika, AFCON 2027, kwa pamoja. Fedha nyingi zitaingia kwenye viwanja, barabara na hoteli. Lakini mchezaji hatengenezwi na uwanja wa watu elfu 30. Anatengenezwa na miaka sita ya kugusa mpira, kati ya darasa la kwanza na la sita, na katika miaka hiyo sita watoto wetu wengi hawajawahi kugusa mpira wa kipimo chao.

Kulibadili hilo hakuhitaji bajeti ya taifa. Wabunge, madiwani na wafanyabiashara wanaotoa jezi na mipira kwa vijana kila msimu wa mashindano ya kata waongeze namba 3 na namba 4 kwa ajili ya shule za msingi, na wazikabidhi kwa walimu wa michezo wa wasichana na wavulana. Walimu watakaopata mpira wa msaada waulize namba kabla ya kushukuru. Wafanyabiashara wa minadani walete mipira midogo iliyoshonwa vizuri, kwa maana leo midogo mingi mezani ni ile hafifu, na mzazi huikimbia kwa haki.

Na mzazi wa Runazi mwenye fedha ya maharage mkononi anunue mpira wa mtoto aliye naye leo. Akikua, atakuwa tayari anajua kuucheza, na namba 5 atakayopewa akiwa na miaka 13 itapata mguu unaoiweza.